Mistari Myeusi ya Mwezi wa Machi

Aliyewahi kwenda TP anajua kwamba kinachotisha si wanafunzi. Kidato cha tatu unawazoea ndani ya wiki moja, hata wale wanaokuzidi urefu. Kinachotisha ni msimamizi kutoka chuoni, ambaye hujui atatokea siku gani, na swali ambalo hukuliandaa. Mimi vyote viwili vilinipata, na katikati yake nikadanganya darasa zima.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa kwenye shule moja ya sekondari ya kata wilayani Rungwe. Niliomba mwenyewe kupelekwa huko. Nyumbani kwetu ni Tukuyu, kwa hiyo hata boom likichelewa (na lilichelewa) nina uhakika wa kulala kwa mama na kula ndizi za mama. Wenzangu walinitania kwamba naenda kujificha kwenye ukungu. Ukungu upo kweli. Mji wetu uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 umetuinamia kwa juu, na Julai bodaboda wa kwetu anavaa makoti mawili. Lakini barafu hatuna. Wanaotoka Kitulo husema kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe, basi. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kwenye friji la dukani, ya ubuyu au ya maziwa, ya kununua ukiwa mtoto na kuifyonza ukitetemeka.

Na mada niliyokabidhiwa ilikuwa hiyohiyo: barafu na kazi yake katika kuumba sura ya dunia.

Nilijitahidi. Kwenye kabati la vitabu nilikuta kitabu cha zamani kimetoka jalada, ndani yake kuna picha kubwa iliyopigwa kutoka kwenye ndege: Bahari ya Aktiki, Machi. Weupe mtupu hadi mwisho wa macho, na juu ya ule weupe mistari myeusi, mingine imenyooka, mingine imejikunja kama njia za ng'ombe ukiziangalia kutoka mlimani. Mimi niliipenda kwa sababu ya weupe. Nikaizungusha darasani, wanafunzi 62, dawati kwa dawati, huku nikieleza kwamba bahari ya kule kaskazini huganda, kwamba barafu huongezeka majira yote ya baridi, na kwamba Machi ndio mwezi inapotandaa kuliko miezi yote.

Picha ikafika dawati la nyuma. Binti mmoja, mpole, ambaye siku nyingi aliwahi namba na magoti yana matope, akainua mkono.

"Madamu, hii mistari myeusi ni nini?"

Sikuwa nimejiuliza. Kwenye andalio langu la somo hakukuwa na mistari. Nikasema ni maji, barafu imeyeyuka kwa sababu ya ongezeko la joto duniani. Siku hizi ukikwama kwenye swali la jiografia, ongezeko la joto duniani ni kama msamaha wa jumla, unafuta kila kosa. Nikageukia ubao.

"Lakini madamu, umesema Machi ndiyo barafu inakuwa nyingi kuliko miezi yote. Sasa hilo joto limetoka wapi?"

Darasa likacheka. Hawakumcheka yeye. Na mimi nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta kitu cha kushika. Nikamwambia aulize kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia. Nilijua hawezi. Robo tatu ya darasa lile lisingeweza, na nusu saa nzima nilikuwa nikichanganya lugha mwenyewe. Akasimama, akaanza, akakwama kwenye neno la pili, akaanza tena. Safari hii wakamcheka yeye. Akakaa. Nikasema kwa Kiingereza kirefu kwamba swali hilo haliko kwenye silabasi, nikaendelea na maporomoko ya barafu na mabonde yenye umbo la herufi U.

Hakuinua mkono tena. Wiki ile, na wiki iliyofuata. Aliandika nilichoandika, akafunga daftari, akaondoka.

Usiku nilianza kusoma. Nisijipambe, sikusukumwa na upendo wa elimu. Nilisukumwa na hofu kwamba atamuuliza mwalimu wa somo mwenyewe, na mwalimu atajua kwamba mwanachuo hajui. Nikanunua bando, nikajifunika blanketi mbili, nikaanza kutafuta mistari myeusi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufikiria barafu ya bahari kama kifuniko cha chungu, kimekaa pale hakiendi popote. Kumbe inatembea. Maji ya chumvi huganda kwenye nyuzijoto hasi 1.8 hivi, yanafanya tabaka la unene wa mita moja au mbili kwa msimu mmoja, na tabaka hilo linaelea. Upepo unalisukuma kwa juu, mkondo wa bahari unalivuta kwa chini. Mwaka 1893 Fridtjof Nansen wa Norwei aliiacha meli yake, Fram, igande makusudi upande wa kaskazini ya Siberia, na mwaka 1896 barafu ikaiachia karibu na visiwa vya Svalbard. Ilibebwa na barafu karibu miaka mitatu.

Sasa kitu kipana kuliko nchi, chembamba kama urefu wa mtu, kinachovutwa huku na kusukumwa kule, hakina budi kupasuka. Ndiyo ile mistari. Kuna nyufa za mita chache na nyingine za kilomita kadhaa kwa upana, na kwa urefu zinaweza kwenda mamia ya kilomita. Hazihitaji jua wala joto. Zinatokea Desemba, kwenye giza la saa ishirini na nne, hewa ikiwa hasi 30.

Hapo niliweka simu chini kidogo. Binti alikuwa sahihi kabisa. Swali lake ndilo lililokuwa jibu: joto halijatoka popote.

Nikaendelea, kwa sababu mambo yalianza kuwa matamu. Ufa ukifunguka wakati wa baridi, maji yaliyo chini, hasi 1.8, yanakutana na hewa ya hasi 30. Kwetu sisi hasi 1.8 ni kifo. Kwa hewa ile ni moto. Bahari inaanza kufuka, mvuke unapanda kama unavyopanda kwenye uji asubuhi ya Julai, na ukiwa mbali unaona moshi umesimama juu ya barafu kama pale pana jiko. Joto la bahari linatoka kwa kasi kubwa mno kupita pale kuliko linavyoweza kupenya barafu iliyo kandokando. Na kwa kuwa maji yanapoteza joto, yanaganda upya, utando mwembamba ndani ya saa chache tu. Yakiganda yanaitema chumvi, na maji yaliyobaki yanakuwa mazito, yanazama. Kwa hiyo ufa wa majira ya baridi unatengeneza barafu mpya. Mimi nilikuwa nimewafundisha watoto kinyume chake.

Kuna pia maeneo makubwa ambayo hukaa wazi mwaka hata mwaka mahali palepale. Yanaitwa polinya, neno lililotoka kwenye Kirusi. Mengine huwekwa wazi na maji ya uvuguvugu yanayopanda kutoka chini. Mengine na upepo, ambao kila barafu ikifanyika unaisukumia mbali, maji yanaganda tena, nayo inasukumwa tena, kama mama anayepakua na kusogeza sahani. Kubwa linalojulikana sana liko kati ya Greenland na Kanada, na Wainuiti wa Greenland wanaliita Pikialasorsuaq. Sili, nyangumi weupe na ndege wa baharini hukusanyika pale, na dubu na watu huwafuata, maana kiumbe anayevuta hewa hawezi kuishi chini ya kifuniko kisicho na tundu.

Halafu majira yanageuka, jua linarudi, na ufa uleule unabadilisha kazi. Barafu yenye theluji hurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, asilimia 80 au zaidi ikiwa theluji ni mpya. Maji ya bahari hurudisha chini ya asilimia 10. Kwa hiyo mstari ule mweusi, ambao Desemba ulikuwa unatoa joto nje, Juni unalinywa. Maji yanapata uvuguvugu, yanakula kingo za barafu, weusi unapanuka, unakunywa zaidi. Nilisoma mistari hiyo mara tatu. Kitu kimoja, msimu huu kinagandisha, msimu ule kinayeyusha.

Na ongezeko la joto nililolitupa darasani kama msamaha? Lipo, ila lina mahali pake. Machi, barafu ya bahari kule hutanda kilomita za mraba milioni 14 hadi 15, karibu Tanzania kumi na tano. Septemba hubaki sehemu ndogo tu, na Septemba 2012 ilibaki milioni 3.4 hivi, kiwango cha chini kuliko vyote tangu satelaiti zianze kupima vizuri mwaka 1979. Barafu ya siku hizi ni nyembamba, na nyembamba hupasuka na kusafiri kirahisi. Jibu langu lilikuwa na punje ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilikuwa uongo mzuri.

Nilikuwa tayari kuishia hapo, nimeelewa, nikalale. Lakini nilikuwa na wasiwasi wa mwalimu: hata kama nitarudi darasani, nitawaambia nini watoto wa Rungwe kuhusu bahari ambayo hata mimi sitaiona? Nikaanza kutafuta barafu yetu. Kilimanjaro.

Mlima ule nao una historia ya watu kukataa alichoona mwingine. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona kilele cheupe akaandika kwamba ni theluji. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akasema haiwezekani, theluji karibu na ikweta! Alikuwa na vitabu vingi. Nilipofika hapo niliona kama Cooley amevaa gauni langu la TP.

Nikapata nilichokuwa natafuta, na zaidi. Upande wa kaskazini wa Kibo kuna uwanja wa barafu ulio mkubwa kuliko mingine yote iliyobaki pale juu. Miaka ya 1970 kulionekana tundu katikati yake. Shimo tu, na chini yake ardhi nyeusi ya volkano. Shimo likapanuka mwaka baada ya mwaka, na Oktoba 2012 mtafiti aliyepanda akakuta uwanja ule umekatika vipande viwili, katikati pana njia ya ardhi tupu ambayo unaweza kupita na baiskeli. Oktoba 2012, mwezi mmoja baada ya ile Septemba ya kule kaskazini. Sisemi moja limesababisha lingine. Lakini kinachofanyika kwenye kingo za shimo lile ni kilekile kinachofanyika kwenye ufa wa Juni: cheusi kikishajitokeza katikati ya cheupe, kinakunywa jua na kuwapasha moto majirani.

Tofauti zipo na nikaziandika pembeni ili nisidanganye tena kwa upande mwingine. Kibo imekaa juu ya mwamba. Shimo lake haligandi usiku likafungika kama ufa wa baharini. Halafu waliopima pale juu wanasema jambo kubwa ni ukavu: tangu mwishoni mwa karne ya 19 theluji mpya imepungua, na barafu nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia kuwa maji. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 haikufika 2. Nikiwa shule ya msingi tuliambiwa ifikapo 2020 itakuwa imekwisha, na utabiri huo ulikuwa wa kweli kwa maana ya kwamba wanasayansi waliutoa, Lonnie Thompson na wenzake mwaka 2002, kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu kidogo bado ipo. Mwaka 2022 UNESCO wakasema 2050. Mwalimu wangu wa darasa la tano hakuwahi kurudi kutuambia, na kwa nini arudi, tulishahama.

Mimi wangu walikuwa hawajahama. Walikuwa pale kila Jumanne na Alhamisi.

Asubuhi ya Jumatano nilimkuta mama anachemsha maziwa. Kwetu maziwa hayakosi, Rungwe bila ng'ombe na chai siijui. Aliipua sufuria akaiweka pembeni, maziwa yakatulia, utando ukafanyika juu, mweupe, mzito. Mama akaivuta sufuria kuisogeza, na utando ukapasuka. Ufa mmoja mrefu, ukingo kwa ukingo, na ndani yake maziwa mepesi yanang'aa. Yalikuwa yanapoa yale maziwa. Hakuna aliyeongeza moto.

"Mama, isogeze tena."

"Una nini wewe?"

"Isogeze tu, taratibu."

Akanitazama, akaisogeza. Ufa wa pili. Nikamwomba sufuria ya kesho.

Alhamisi nilifika shuleni na maziwa yangu kwenye termosi mbili, sufuria kwenye mfuko, na vitambaa viwili, cheusi na cheupe, vya kuanika juani ili watoto wavishike waone kipi kimepata joto. Saa mbili na dakika kumi, ukungu umeshuka hadi kwenye mlingoti wa bendera, gari likaingia getini. Msimamizi.

Wenye uzoefu wananielewa. Andalio langu la siku hiyo lilikuwa na mada mpya, safi, nimeiandika kwa kalamu mbili. Sehemu ya marekebisho nilikuwa nimeiwazia kama dakika kumi za siri kati yangu na wanafunzi. Sasa atakuwepo mtu nyuma, na fomu, na kuna kisanduku kwenye fomu kinachopima umahiri wa mwalimu katika somo lake. Ningeweza kuahirisha. Ningefundisha mada mpya, nikapata alama zangu, na Jumanne ijayo nikaleta sufuria. Nilifikiria hivyo nikiwa naenda darasani. Nilifikiria hivyo hata nikiwa nimeshika chaki.

Alikaa dawati la nyuma kabisa. Pembeni ya yule binti, maana ndipo palipokuwa na nafasi.

Nikasema kwa Kiswahili. Nikasema kwamba wiki mbili zilizopita niliulizwa swali zuri hapa, nikalijibu vibaya, na aliyeuliza nikamnyamazisha kwa kumtaka Kiingereza, wakati sikuwa na jibu katika lugha yoyote. Kalamu ya nyuma ikaanza kuandika. Sikuangalia nani anaangalia nini. Nikamimina maziwa kwenye sufuria juu ya meza ya mwalimu, nikawaita mbele kwa makundi.

Utando haukuja haraka, maziwa ya termosi si ya jikoni. Tulisimama tunasubiri, baridi ikatusaidia. Ulipokuja nikaisukuma sufuria, kwa wasiwasi, kwa nguvu mno, na utando ukasambaratika vipandevipande. Mtu akacheka. Nikasubiri tena, nikasukuma tena, ukajikunja badala ya kupasuka.

"Madamu, si hivyo."

Alikuwa amekuja mbele na kundi lake. Kila asubuhi kabla ya shule, nilikuja kujua, yeye ndiye anayekamua na kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, na ndiyo sababu ya matope na ya kuchelewa. Hakuniangalia. Alishika sufuria kwa mikono miwili, akaivuta kidogo, akaiacha, akaivuta. Ufa ukafunguka pole pole kama mlango.

Halafu akaonyesha ukingo wa pili. "Huku imepasuka, na kule imekunjamana. Imerundikana."

Nilikuwa nimesoma hilo na sikulikumbuka. Barafu ikiachana mahali pamoja, lazima igongane mahali pengine, na pale inapogongana inapandiana na kufanya matuta, mengine marefu kuliko nyumba. Nikawaambia warudi kwenye picha. Ilizunguka tena, dawati kwa dawati, na safari hii walikuwa wanatafuta matuta, na waliyaona, vivuli vidogo vidogo karibu na mistari. Kijana mmoja akauliza kama basi barafu yote hiyo ikiyeyuka bahari itafurika hadi Dar. Nikamjibu kwamba inayoelea imeshachukua nafasi yake majini, kama kipande kwenye glasi, ikiyeyuka maji hayapandi kwa ajili yake. Inayopandisha bahari ni ile iliyokaa nchi kavu, kama ya Greenland. Hilo nililijua.

Vitambaa vyangu havikufanya kazi. Jua halikutoka siku nzima, cheusi na cheupe vilibaki vimelowa sawasawa kwenye kamba. Ikabidi niwaulize nani amewahi kutembea pekupeku kwenye lami ya barabara ya kwenda Mbeya saa saba mchana, halafu akakanyaga pembeni kwenye majani. Wote. Nikawapa Kilimanjaro kwa njia hiyo, shimo, ardhi nyeusi, baiskeli. Wakataka kujua kama mtu huyo alikuwa na baiskeli kweli. Nikasema hapana, ni namna ya kusema njia ni pana. Walisikitika kidogo.

Kengele ikalia mada mpya haijaguswa. Maziwa yakagawanywa, maana Rungwe hatumwagi maziwa, na vikombe havikutosha, wakapokezana. Msimamizi naye alipewa. Alikunywa amesimama.

Nje, chini ya paa, aliniuliza kama kulikuwa na ulazima wa lile la mwanzo, mbele yake.

"Dokta, walishalisikia lile la uongo wakiwa wote."

Akatikisa kichwa, sikujua kwa maana gani. Kwenye fomu alinikata kwa lugha ya kufundishia, akanikata kwa kutofuata andalio, na kwenye kile kisanduku cha umahiri wa somo akanipa alama ya kati. Niliona. Sikubaliani na cha lugha, na nitasema hapa kwa kuwa gazeti hili ni letu: wanafunzi 62 walielewa kitu kigumu ndani ya dakika arobaini, kwa lugha wanayoota nayo, na tumejiwekea utaratibu wa kumkata alama aliyewafikisha. Cha andalio, sawa, ni haki yake.

Yule binti hakuja kunishukuru wala kuniambia amenisamehe, wala sikumwomba mbele za watu zaidi ya nilivyosema. Jumanne alichelewa namba kama kawaida. Nilipokuwa nakusanya madaftari nikakuta kwenye lake, chini ya zoezi, ameandika kwa penseli: wale nyangumi wanajuaje pa kutokea, na ufa ukifunga kabla hawajafika?

TP yangu iliisha Ijumaa hiyo. Nilimjibu kwenye daftari lilelile, kwa kalamu nyekundu kwa sababu sikuwa na nyingine. Nilimwandikia kwamba wanaishi kwa kufuata nyufa, na nyangumi wenye pembe na wale weupe wanaweza kukaa chini muda mrefu kuliko tunavyodhani wakitafuta pa kupumulia. Na kwamba kuna nyakati ufa unafunga kweli. Baridi inashuka ghafla, upepo unageuka, na kundi zima linabanwa kwenye tundu moja dogo, wanapokezana kuvuta hewa hadi tundu linapofunguka au linapoziba. Wainuiti wanalo neno maalumu la tukio hilo, maana limetokea mara nyingi.

Mwalimu wa somo aliniambia baadaye kwamba daftari lile lilizunguka darasa zima kabla halijarudi kwa mwenyewe, na chini ya jibu langu yameongezwa maswali manne, kwa mwandiko wa watu tofauti. Mawili ameyajibu yeye. Mawili amenitumia kwa simu.